Jumapili Niliyoosha Jibini

Mimi ni fundi wa majokofu, na kazi hii imenizungusha kama pia: Kitale, Juba, Kigali, Mombasa, popote ambapo kitu kinachotakiwa kuwa baridi kimekataa kuwa baridi. Mwezi uliopita niliitwa Kinangop, kwenye kiwanda kidogo cha maziwa ambacho chumba chake cha baridi kilikuwa kimegoma. Mwenye kiwanda alipovuta mlango, harufu ilinipiga usoni: maziwa yaliyochacha, kitambaa kibichi, na chini yake kitu kama udongo wa ghalani siku ya mvua. Jibini zilikuwa zimepangwa kwenye mbao kutoka sakafuni hadi darini. Niliweka mfuko wangu wa vyuma chini nikasimama. Yule bwana alidhani nimeshikwa na baridi, akaniletea koti. Sikumwambia kwamba kilichonishika ni wivu, wivu wa zaidi ya miaka thelathini, ambao ulikuwa haujaharibika hata kidogo.

Nitawasimulia ninyi, kwa sababu yeye nilimtengenezea mashine nikaenda zangu.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja nilipopelekwa London. Mama alikuwa amenitangulia miaka minane, akaniacha kwa Kukhu, ndivyo sisi Wabukusu tunavyomwita bibi, huko Kimilili. Safari ilianza alfajiri kwa basi hadi Nairobi, nikiwa na mjomba wangu aliyesinzia njia nzima huku amenishika mkono kana kwamba ningeibiwa. Kwenye ndege nilipanda peke yangu, nimefungwa kadi shingoni yenye jina langu, Wafula, kama gunia la mahindi linalokwenda kwenye ghala la serikali. Niliubana katikati ya magoti mfuko wenye chupa ya samli ya Kukhu, maana niliambiwa ikimwagika nitakuwa nimeaibisha ukoo. Tulitua mahali penye mchanga mtupu, tukaruka tena, nikatapika mara mbili, na kila nilipozinduka nilirudia sentensi niliyokuwa nimeitayarisha tangu Kimilili. Ilikuwa fupi: Mama, nimekuja, usiondoke tena.

Sikuisema. Nyuma ya kizuizi Mama alisimama na msichana mdogo aliyevaa koti jekundu, ameingiza mkono wake kwenye mfuko wa koti la Mama kana kwamba mfuko ule ulishonwa kwa ajili yake. Mama alinikumbatia akilia. Yule mtoto hakuutoa mkono, kwa hiyo tukakumbatiwa wote wawili pamoja. Niliambiwa huyu ndiye Nekesa, dada yako, umemwona kwenye picha. Alikuwa na miaka saba. Alizaliwa kulekule, na baba yake alikwenda zake kabla hajajua kutembea. Nilimwona kwenye picha, kweli, lakini picha haishiki mfuko wa mtu.

Tulikaa Peckham, ghorofa ya tatu, kwenye majengo yenye korido ndefu za nje ambako watu walianika nguo na kuanika maneno. Kwenye fremu ya mlango wa jikoni ilichorwa mistari ya kalamu kuonyesha urefu wa Nekesa kila mwaka. Mama alinisimamisha hapo siku ya pili akanichorea mstari wangu mmoja, juu kabisa, peke yake, bila mingine chini yake. Nilikuwa nautazama kila ninapokwenda kunywa maji.

Niwaambie ukweli, nilimwonea wivu kwa kila kitu. Nilionea wivu jinsi Mama alivyompulizia uji. Nilionea wivu Kiingereza chake, maana Mama alimsemesha Kiswahili naye akajibu Kiingereza, na wakaelewana bila mmoja kumsubiri mwenzake. Lakini wivu uliokuwa na meno ulikuwa wa Jumamosi mchana.

Asubuhi Mama alisafisha duka la jibini ng'ambo ya mto, kwenye mtaa wa watu ambao hata mbwa wao walivaa sweta. Jioni alikwenda nyumba ya wazee kuwalisha na kuwalaza, na aliporudi sisi tulikuwa tumeshalala. Mama mmoja Mkongo, jirani, ndiye aliyetuangalia. Kule dukani alipewa vipande vya mwishomwisho vilivyokuwa havifai kuuzwa, vimefungwa kwenye karatasi yenye nta. Jumamosi baada ya chakula alivitoa, akavipanga kwenye ubao wa chapati kwa mzunguko kama saa, kipole zaidi juu, kikali zaidi mwisho wa mzunguko. Nekesa alifungwa macho kwa leso. Mama alimwekea kipande ulimini, akamwambia asitafune haraka, aache kiyeyuke. Kisha kipande cha tofaa, funda la maji ya vuguvugu, na kingine.

Nekesa alisema mambo ya ajabu. Hii ina ladha ya betri. Hii ni ukumbi wa kanisa. Hii ni mbuzi aliyekasirika. Mama alicheka mpaka akashika meza, kisha akasema jina la jibini hiyo, na nchi au kijiji ilikotoka, na kama ng'ombe walikula majani mabichi au makavu. Baadaye walibadilishana, Mama akafungwa macho, Nekesa akalisha.

Mimi nilijaribu siku ya kwanza. Waliniwekea kipande kilichokuwa na mishipa ya buluu kama miguu ya mwalimu wangu wa darasa la tatu. Nilikitema kwenye sinki, nikasafisha ulimi kwa kona ya taulo. Kukhu alikuwa na msemo wake: maziwa yakiota ndevu, si yako tena. Nikausema kwa sauti, na wote wawili wakacheka, na kicheko chao kilikuwa cha watu wa nyumba moja wakimcheka mgeni. Tangu siku hiyo Jumamosi nilikaa kwenye korido. Walidhani nachukia harufu. Dirisha la jikoni lilikuwa wazi, na kwa miezi minne nilisikiliza somo lote. Nilijua ipi huoshwa kwa maji ya chumvi ikawa na ganda la rangi ya chungwa. Nilijua ukungu wa buluu hupandikizwa kwa sindano, kwa makusudi, na ndio unaolipiwa. Kumbukeni hilo.

Mwenye duka alikuwa mzee mrefu aliyetembea na chuma chembamba chenye mfereji. Kila asubuhi alikizamisha kwenye jibini kubwa, akakizungusha, akatoa kidole cha jibini, akanusa, akamega ncha, kisha akarudisha kilichobaki kuziba tundu. Siku moja Mama, ufagio mkononi, alimwambia kwa adabu kwamba ile ya pembeni imechoka. Mzee alionja tena akakuta ni kweli. Basi akamwahidi: mwezi ujao atamwekea aina kumi na mbili bila majina. Akizitambua kumi, ataacha ufagio asimame nyuma ya kaunta, saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, na mshahara ambao ungemwezesha kuacha nyumba ya wazee.

Mama alituambia habari hiyo akiwa amesimama, hawezi kukaa. Alisema, "Jioni nitakuwa hapa. Nitawapikia chakula kikiwa moto, tule watatu."

Mnadhani nilisikia maneno "tule watatu"? Nilichoona ni kwamba Jumamosi moja sasa imekuwa kila siku. Walifanya mazoezi asubuhi kabla ya shule, Nekesa akiwa mwalimu, akimkaripia Mama kwa Kiingereza anapokosea. Mama alimwita "mwalimu wangu". Mimi alinituma dukani kununua tofaa.

Wiki ya mwisho mzee alimpa vipande kumi na viwili kamili akajifunze navyo. Mtihani ulikuwa Jumatatu. Walipanga zoezi kubwa Jumapili baada ya kanisa. Asubuhi hiyo nilisema tumbo linauma. Mama aligusa paji langu, akanifunika, akasema tutarudi saa saba.

Nilifungua friji. Nilimenya maganda yote kwa kisu. Nilichukua waya wa kusugulia sufuria na sabuni ya vyombo, ile ya ndimu, nikasugua kila kipande mpaka kikawa laini kama sabuni yenyewe. Kile cha mishipa nilikichokonoa kwa uma, mshipa mmoja mmoja, kwa uvumilivu ambao mwalimu wangu yeyote angeufurahia. Nikavisuuza kwa maji ya moto, nikavikausha kwa taulo, nikavipanga vyote kumi na viwili kwenye kopo moja la plastiki, vyeupe, visafi, vinafanana kama meno. Kisha nikarudi kitandani, na sitawadanganya, nilikuwa na furaha.

Waliporudi Nekesa alikimbilia friji na koti bado mwilini. Nilisikia kopo likifunguliwa. Nikatoka na uso niliokuwa nimeutayarisha.

"Mama, zilikuwa zimeota ukungu," nikasema. "Nimezisafisha. Kukhu alisema zikiota ndevu si zako tena."

Mama alichukua kipande kimoja, akakinusa. Akaketi. Alianza kucheka, mabega yakitikisika, na sikujua ni wakati gani kicheko kiligeuka kuwa kilio. Nekesa hakulia. Alinitazama machoni, akasema kwa Kiingereza, pole pole ili nielewe, kwamba mimi nilijua. Kwamba nilikuwa nasikiliza dirishani kila Jumamosi, aliniona. Kwamba nimefanya makusudi.

"Nekesa, nyamaza," Mama akasema.

Nekesa akarudia.

"Kaka yako ametoka mbali. Mtu akitoka mbali hajui, anafundishwa. Haitwi mwongo katika nyumba yangu." Mama alikuwa amesimama sasa. "Mwombe radhi. Kwa Kiswahili."

Mtoto yule wa miaka saba alinigeukia, akatafuta maneno kwenye lugha ambayo hakuwa ameizoea mdomoni. "Samahani, kaka," akasema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuniita hivyo.

Nami nikaitikia. Nikasema si neno.

Jumatatu Mama alitambua nane. Kaunta ilipewa kijana mmoja, na ufagio ukabaki kwa Mama. Hakunilaumu hata kwa mzaha. Jumamosi iliyofuata alinikalisha mezani, akasema nitajifunza ili nisioshe tena, akanifunga leso mwenyewe, na vidole vyake viligusa masikio yangu. Ndicho nilichokuwa nakitaka tangu uwanja wa ndege. Nekesa aliitwa, akajibu kutoka chumbani kwamba anatazama katuni. Akaitwa wiki ya pili na ya tatu, kisha hakuitwa.

Nilijifunza haraka. Baada ya mwaka nilikuwa na ulimi mkali kuliko wa Mama. Lakini sikuweza kusema mambo ya betri wala ukumbi wa kanisa. Nilitaja majina tu, sahihi yote, na Mama akatikisa kichwa kwa kuridhika, na hakuna aliyeshika meza kwa kucheka. Nikaanza kuwaonea wivu tena, safari hii wale wawili waliokuwa wakikaa pale kabla sijafika.

Nilipotimiza miaka kumi na minane, Kukhu aliugua. Nilisema nakwenda wiki tatu. Nadhani sote tulijua kwamba sirudi. Sikuwahi kukaa kwenye nyumba ile kama mtu aliyevua viatu. Ndege ilikuwa ya usiku, na Mama alikuwa zamu kule kwa wazee, hakupata wa kubadilishana naye. Aliniaga mchana mlangoni, amevaa sare yake, akanishika uso kwa mikono miwili, akaangalia saa, akashuka ngazi.

Nekesa ndiye aliyenisindikiza. Alikuwa na miaka kumi na minne, mrefu, mkimya. Tulipanda treni, nyumba zikaanza kupungua dirishani. Kisha akasema, kwa Kiswahili chake kilichopinda lakini akakishikilia mpaka mwisho:

"Unajua ule mchezo ulianzaje? Kabla hujakuja, Mama ananipa kipande, ananiuliza, hii Wafula atapenda? Tunatafuta ya kukupa siku ukifika. Kila wiki. Wafula atapenda? Mimi hakuniuliza kama napenda." Akatazama mikono yake. "Mimi sipendi jibini. Hata kidogo."

Miaka saba niliamini kwamba nilikuta meza yenye viti viwili. Kumbe mtoto yule, tangu ajue kutafuna, alikuwa akishindana na kaka asiyeonekana, asiyekosea, asiyemwaga maziwa. Na kaka huyo alipofika mwenyewe, alitema chakula kwenye sinki, akakaa kwenye korido, na bado akapewa haki yote. Wivu alionionea ni uleule niliomwonea, ila yeye alianza mapema zaidi na hakuwahi kuosha kitu cha mtu.

Kama Mama alijua au hakujua kwamba niliosha makusudi, sijui mpaka leo. Amestaafu sasa, na tukiongea kwa simu huniuliza kama nimekula.

Kwenye foleni ya mizigo nilimwambia Nekesa kwamba Jumapili ile nilijua. Nilijua kila kipande. Nilimwambia kwa Kiingereza, nisije nikajificha kwenye lugha yangu. Nikamwomba radhi.

Alifikiri kidogo. "Umechelewa, kaka," akasema, "lakini nimesikia."

Nilimwomba akae mpaka niitwe. Alikataa. Alisema Mama anatoka zamu saa nne, na usiku wa leo asikute nyumba tupu. Akanikumbatia haraka, akavuta zipu ya koti hadi kidevuni, akaenda zake akipenya kwenye watu kwa hatua za mtu mwenye kazi ya kufanya. Mimi nilipanda ndege. Yeye alirudi kumfungulia Mama mlango.