Nilibeba Saki ya Mahindi pa Fasi ya Bibi Yangu

Ni minyi. Musitafute muntu mwingine. Myaka yote hii bantu ba Kamina banasema vita njo ilivunja muguu ya bibi yangu Mado, mama ya batoto bangu, na minyi niliinamisha kichwa, nikaacha baseme. Bongo, uongo mutupu! Mu ile viraje, ile kona ya njia, hakukuwa soda, mwanajeshi hata moja. Hakuna risasi ilipigwa. Kulikuwa minyi, pikipiki yangu yenye shiye tunaita moto, muchanga, na kichwa yangu nguvu.

Sikusoma sana. Nilitoka shule mapema, nikaingia kutengeneza moto ya bantu. Nitaandika vile ninaongea. Kama inakukwaza, pole, lakini fika mpaka mwisho, juu kuanguka haiko kosa yenye inanikula. Kosa yangu kubwa ilikuya kisha.

Mu ile myaka, mbele ya vita kufika kwetu, shiye bantu ba moto tulikuwa tunakutana siku ya Mungu kisha misa, ku uwanja moja ya zamani yenye ndege hazikukuwa zinatua tena. Kodro, ile lami, ilikuwa ingali muzuri, ni majani tu ilikuwa inatoka mu mapasuko. Tulikuwa tunapanga bidoni tupu za mafuta kuonyesha viraje, na bantu banakuya kuangalia, na ba mama banauzisha karanga. Moto ilikuwa saba tu. Lakini kelele yetu, eh! Ungesema ni makumi.

Mwenye kutufundisha alikuwa Mwalimu Numbi, mwalimu ya shule kabisa, Mumetodisti, shati yake siku zote iko mweupe. Alikuwa anatusimamisha kama batoto ba darasa.

"Magoti ikamate tanki! Mikono ikamate gidon, hii usukani, kama unakamata kifaranga. Ukifinya, inakufwa. Macho iangalie fasi unaenda, hapana fasi unaogopa. Ukiangalia shimo, utaingia mu shimo!"

Na alikuwa anatuambia kitu ingine, yenye hatukupenda kusikia. Ku kodro unaweza kutosha mwili inje ya kiti, ku upande ya viraje, moto inabakia wima, inashika muzuri. Ku muchanga, hapana. Ku muchanga ikala wima, kanyaga nguvu ku pedali ya inje, sukuma moto peke yake ilale chini yako, na usiguse freni ya mbele, ile breki ya mukono. "Njia ya kutoka hapa mpaka Kaniama haiko kodro," asema. "Musijidanganye."

Lakini nani alikuwa anamusikiliza Mwalimu wakati Kalume alikuwa pale?

Ninamutaja. Kalume! Bantu balimuita Goti, juu yeye alikuwa anatoka ku kiti yote, anatundikwa ku upande ya moto kama nguo ku kamba, mpaka goti inakwaruza kodro. Alifunga kipande ya ngozi ya kiatu ku goti, na iliacha alama. Ba mama ba karanga balikuwa banapiga vigelegele. Minyi nilitaka ile kigelegele. Nilifunga ngozi yangu. Nilifanya siku ya Mungu baada ya siku ya Mungu, mpaka nami goti ikagusa chini, na Kalume mwenyewe akanipiga ku bega: "Sasa uko mwanaume."

Mupumbavu weye! Na minyi mupumbavu wa pili, juu niliamini.

Mwalimu alikuwa na desturi moja. Turu ya mwisho, ule muzunguko ya kumaliza, aliita turu ya mama. Kila moja alete bibi yake, ao dada yake, ao mama yake, amubebe ku nyuma, azunguke bidoni zote polepole. "Mwenye iko nyuma ni nusu ya moto," asema. "Kama haujue namna yake ya kukaa, na yeye hajue yako, muko bageni bawili ku kiti moja." Mwenye alimaliza ile turu bila kugusa bidoni, Mwalimu alikuwa anamufungia kitambaa nyekundu ku gidon. Na hivi bitambaa, Mado njo alikuwa anakata. Bibi yangu alikuwa fundi wa kushona, na masini ya miguu pa baraza. Alipeana bipande bya nguo bule.

Mado, mwenye alikuwa ananiita kwa jina ya mutoto wetu, alinilomba mara mingi. "Baba Ilunga, nibebe ku turu, nami nijue."

Minyi? Nibebe bibi mbele ya bantu? Kalume alikuwa anaseka bale benye kubeba: "Hii ni moto ao punda ya kupeleka mama ku soko? Angalia namna anamukamata ku tumbo, kama mutoto ku mugongo!" Haya ikanishika. Nilimujibu Mado vibaya: "Weye ikala ku masini yako."

Siku yangu ikafika. Nilifunga saki ya mahindi, gunia nzima, ku kiti ya nyuma. Saki! Ile haina macho, haina woga, haiwezi kuuliza kitu. Nikazunguka, sikugusa bidoni hata moja. Mwalimu aliniangalia, akaangalia saki, akaangalia moto yake mwenyewe yenye nilimutengenezea ile poso, ile juma, bila kumulomba kitu. Na akanifungia kitambaa.

Mwalimu Numbi, nawe ninakutaja. Uko mu kaburi, lakini ninakutaja. Ulijua!

Nikafika ku nyumba, kitambaa inapepea. Mado akatoka mbiyo, akapiga mikono.

"Ulibeba nani?"

"Nilibeba muntu muzito kukupita weye."

Aliseka sana. Njo vile bongo yangu ya kwanza ilipita, mu kicheko ya bibi yangu.

Kisha vita ikakuya. Siongee mingi juu ya vita, kila muntu wa kwetu iko na yake. Basoda benye kushindwa balikuwa banarudia nyuma, banaingia mu manyumba, banakamata kinga, zile baisikeli, radio, mbuzi, na zaidi moto. Mutoto wetu Ilunga alikuwa kwa nkambo yake, muzee wetu, ku Kaniama. Mado akasema: "Tuende kwa mutoto." Tukaenda asubuyi, jua ingali changa.

Mbele ya kupanda, alisimama kidogo. Alikuwa na woga, hakuzoea moto. Akagusa kile kitambaa ku gidon na kidole, akasema: "Basi, iko hapa. Sitaogopa." Nikamwambia: "Nyuma usitikisike. Ukitikisika, unatuua." Hiyo njo masomo yote nilimupa. Ingine hapana!

Tukapita bantu na mizigo, batoto ku mabega, mbuzi. Tulienda muzuri, nisiseme bongo. Mado alikuwa ananikamata ku kiuno, na hakutikisika. Sikia hii maneno. Hakutikisika.

Tukafika ku viraje moja kubwa, muchanga mwingi, mweupe kama bunga. Pa pembeni kulikuwa kundi ya bantu banapumzika, na mu kundi, nani? Kalume! Basoda balikuwa bamekamata moto yake, alikuwa ku miguu, na sanduku ku kichwa. Akaniona. Akatupa sanduku chini, akapaza sauti:

"Eh! Eh! Onyesha goti, mwanaume! Onyesha goti!"

Na bale bantu bakageuka, bakaangalia.

Vita iko nyuma yangu. Bibi yangu iko ku mugongo. Mutoto iko mbele ananingojea. Na minyi, ku ile fasi, nikatosha goti! Nikatoka ku kiti, nikatundikwa ku upande kama niko ku uwanja, ku muchanga, na muntu ku nyuma. Mado alibakia wima kama nilimwambia. Mwili yangu huku, mwili yake kule. Gurudumu ya mbele ikazama. Nikaogopa, nikaangalia mufereji, nikafinya gidon, nikakamata freni ya mbele. Yote Mwalimu alikataza, nilifanya mu ile dakika moja!

Minyi nilirushwa ku majani, nikachubuka kiwiko tu. Moto ilimulalia Mado ku muguu, na bomba yake ya moshi ilikuwa ya moto kama makala.

Nilipomutosha chini ya moto, bantu balikuwa bametuzunguka. Kalume pale, ananiangalia. Na haya, ile haya yangu ya kulaaniwa, ikaongea mbele yangu:

"Mado! Sababu gani ulitikisika?!"

Akaniangalia. Uso yake ilikuwa kama majivu. "Nilitikisika?"

"Ulitikisika! Sikukuambia?"

Akaangalia gidon, kile kitambaa nyekundu kingali pale. Nikaona namna anawaza: bwana yangu iko na kitambaa, anajua kubeba muntu, basi kosa haiwezi kuwa yake.

"Unisamehe," asema. "Unisamehe, Baba Ilunga. Sikusikia hata kama ninatikisika."

Muguu yake imevunjika, na njo yeye ananilomba musamaha! Na Kalume akatikisa kichwa: "Banamuke." Akafungua kitambaa, akaiweka mu mukono ya Mado, akasema yeye atapeleka moto mbiyo kutafuta usaidizi. Akapanda. Mpaka lelo tunangojea usaidizi. Kalume iko muzima, anazeeka, bantu banamupa kiti. Mwizi weye! Ulikamata moto ya muntu mwenye bibi yake analia mu muchanga.

Muntu moja ya kinga, hatukujua jina yake, njo alisukuma Mado mpaka Kaniama, siku mbili. Muguu ikashikana vibaya, ikapinda, na nyayo haikuweza kukanyaga tena. Munaelewa kile inamaanisha? Masini ya kushona inaendeshwa na miguu! Fundi mwenye bantu balikuwa banamuletea nguo ya ndoa, akabakia kuchambua maharagi ya jirani. Masini ikashika kutu pa baraza, na kila siku niliipita.

Na kila mwaka, mvua ikianza na mufupa ikimuuma, anasema: "Ningekaa muzuri ile siku." Aliwaambia bibi benzake, aliwaambia batoto: "Baba yenu hana kosa, minyi njo nilimwangusha." Na minyi niko pale, ninakula bukari. Nilikuwa najiambia: nitasema kesho. Kisha nikajiambia: imepita zamani, juu ya nini kuchokoza? Na siku zingine, Vidye Mungu anisamehe, nikikasirika nilimutupia: "Hata moto haukujua kupanda!"

Niliishi na yeye zaidi ya myaka makumi mbili. Siku elfu na elfu za kusema maneno moja!

Mwaka yenye ilipita, Mado aligonjwa, hakuamuka tena. Batoto bote balikuwa mu chumba. Akanishika mukono, sauti imekwisha, akasema: "Baba Ilunga, ile ya Kaniama. Uliniachilia kweli?"

Pale! Mlango ilikuwa wazi, ilibaki kuingia tu. Lakini batoto banaangalia. Bantu banaangalia, sawasawa kama mu ile viraje.

Nikajibu: "Nimekusamehe."

Akafunga macho, akashukuru.

Siku ya mazishi binti yetu alifungua kisanduku ya mama yake, akatosha kile kitambaa. Mado alikiweka myaka yote, amekikunja muzuri. Binti akanifungia ku mukono mbele ya kanisa yote: "Vaa hii, tata. Mama alikuwa anajivuna nayo." Niliivaa. Mukono iliungua, na niliivaa!

Basi weye mwenye unasoma. Leo bijana banajaa ku moto, banabeba bantu batatu, bane, banainama mu viraje kwa kuangaliwa. Fundisha kwanza mwenye iko nyuma yako. Mubebe polepole ku fasi tupu, mbele ya macho ya bantu, baseke mpaka bachoke. Na kama muntu anakulomba musamaha juu ya kosa yako weye, usimupe! Mukatalie palepale, hata kama dunia yote inaangalia. Ukimusamehe, umemuibia kitu hautamurudishia.

Batoto bangu, mutajua ni nani anaandika. Musiniite tena mwenye bahati mbaya. Kalume alipaza sauti, Mwalimu alifunga macho, lakini mikono ku gidon ilikuwa yangu.

Mama yenu hakutikisika.