Tanuri la Gervas

Secilia hakulia mumewe Gervas alipozikwa, na kwa kuwa mdomo hauna pazia, Nyakanazi nzima ikasema ana lake jambo. Hakuwa na jambo. Alikuwa amekufa ganzi, basi. Akiletewa uji alikunywa, akiambiwa alale alilala.

Kitu kimoja tu alikitaka kibaki: tanuri la mikate nyuma ya nyumba. Ndilo lililomlisha, na ndiyo kazi ya mwisho ya mikono ya Gervas. Paa lake lilikuwa la zege lililochanganywa na nyuzi za viroba. Jioni baada ya jioni Gervas alikaa kizingitini akikatakata viroba vya mchele, Secilia akimcheka kwamba sasa anataka kuisuka saruji nywele.

"Zege lina maji ndani hata likikauka," Gervas alimjibu. "Likipata moto mkali, mvuke ukikosa njia, linapasuka kama bomu. Hizi nyuzi zitayeyuka ziache vitundu, mvuke upite."

Msibani mvua ikanyesha. Katika ukoo wa Gervas, huko Kasulo, moto wa msiba hauzimwi mpaka matanga yaanuliwe. Wifi yake Restituta, mwenye moyo mwema na haraka kupita kiasi, akauhamishia tanurini. Tanuri lililozoea makaa ya kuivisha mikate likasukumiwa magogo ya mikaratusi usiku na mchana. Secilia alilisikia likinguruma, naye amelala mkekani. Nani azime moto wa marehemu?

Matanga yalipoanuliwa, Bulugu, fundi aliyefanya kazi na Gervas, aliingiza kichwa tanurini. Paa lilikuwa zima, halikubanduka hata kipande. Restituta akamshukuru Mungu kwa sauti. Bulugu akaligonga kwa nyundo, likatoa mlio mzito, usio na uhai. Akalikwangua kwa msumari, likamomonyoka kama muhogo mkavu.

"Shemeji, nyuzi zimefanya kazi yake, halikupasuka. Ila moto wa siku zote hizo umelila nguvu. Litakuja kukuangukia."

"Bomoa."

"Si usubiri kidogo, hata wiki?"

"Bomoa, Bulugu."

Alisimama akitazama vipande vikidondoka, vyote vimejaa vitundu vyembamba kama vya sindano. Hakusikia uchungu wowote, na hilo lilimwogopesha. Restituta ndiye aliyelia, akalia kwa niaba ya wote wawili.

Bulugu alipoanza kupigilia mbao za kumwagia zege la paa jipya, Secilia alichukua viroba na mkasi, akakaa kizingitini.

"Nikate urefu gani?"

Bulugu alishusha nyundo. "Sijui, shemeji. Alikuwa anakata mwenyewe. Mimi nilikuwa nachanganya tu."

Secilia aliutazama mkasi. Alimwona Gervas wa jioni zote zile, magoti yake, vidole vyake, nyuzi zikimwangukia miguuni, lakini hakuweza kuona zilikuwa na urefu gani. Alikuwa amekaa karibu naye kabisa, akicheka.