Maswali ya Wanjiru

Harufu ya mgongo wazi ikiingia kwenye mafuta moto, ile mifupa ya samaki iliyokwishatolewa minofu, huwatoa wengine mate. Mimi hunikumbusha Wanjiru, nami huanza kukereka upya.

Nilikuwa darasa la tatu. Mama alikaanga samaki Silanga, huko Kibera, kando ya njia iendayo bwawani, na nikitoka shule nilikaa kwenye stuli ubavuni mwake nikiwafungia wateja kwa gazeti. Nyumbani nilimgawana na wadogo zangu. Pale kwenye mafuta alikuwa wangu peke yangu.

Basi akaja Wanjiru. Alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, akichunguza maisha ya watu, na njia ya kuyachunguza, alisema, ni kukaa nao. Kukaa! Baba yake alikuwa na ploti Kawangware, zimejaa wapangaji tele. Jamani, kwani hao hawakuwa watu? La, yeye alitaka Wajaluo wa Kibera, na kati yao wote akamtaka mama yangu. Mama akasema karibu, kama asemavyo mtu yeyote mwenye adabu, na dada wa watu akakaribia kweli. Akakaa kwenye stuli yangu. Mimi nikapewa debe lililopinduliwa.

Na maswali sasa! Mbona samaki wageuzwe mara moja tu? Mbona mteja wa kwanza akiwa mwanamume unafurahi? Mimi nikiuliza kitu nilijibiwa, "Angalia, utaona." Wanjiru alijibiwa kwa mapana na marefu.

"Si wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone?" Mama Brayo, jirani yetu muuza makaa, alimtania mama. "Huyu wako atakumaliza na maswali!"

Mama alicheka tu. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Siku moja Wanjiru akanigeukia. "Akelo, hilo jina si hupewa anayezaliwa baada ya mapacha? Mapacha wenu wako ushago, kijijini kwa nyanya?"

Mapacha gani? Mimi ndiye kifungua mimba! "Kwetu hakuna mapacha," nikamwambia. "Wacha kubuni vitu, aki." Nilijua nimemkomesha. Nikamgeukia mama tumcheke pamoja.

Mama hakucheka. Samaki walikuwa wanaungua na hakuwageuza.

"Pole, mama," Wanjiru akasema haraka. "Sikujua. Tuachane nayo."

Lakini mama alitoa karai motoni, akasema, akimtazama Wanjiru, si mimi: "Walikuwa wasichana. Apiyo na Adongo. Apiyo alikuwa na sauti, wee! Adongo hakulia hata mara moja. Walipokufa, mama mkwe akaniambia pacha haliliwi. Nikanyamaza."

Kisha akalia. Pale pale njiani, mchana, wateja wamesimama. Wanjiru alimshika mkono na kwa mara ya kwanza hakuuliza lolote. Nami juu ya debe langu nilichemka kwa hasira. Siku zote niko hapo, halafu habari za dada zangu apewe mtoto wa landilodi!

Alipomaliza utafiti wake akaenda, na stuli nikarudishiwa. Nikangoja zamu yangu ya kuambiwa. Wapi! Tukarudi kwenye angalia, utaona.

Nimekuwa mtu mzima na kinyongo changu. Mwaka huu nikaona yatosha, nikamuuliza mama: mbona Wanjiru, si mimi?

Akanitazama kama nimeuliza maji yanalowesha au la. "Yule alikuwa wa kwenda zake," akasema. "Wewe ungelala nayo."

Kumbe ndivyo ilivyokuwa. Nilidhani Wanjiru amenipokonya mama, kumbe mama alimtwika mzigo aende nao Kawangware, ili mimi nibaki mtoto. Nimeelewa, na bado inanikera. Ningeubeba.