Siku Niliyomfanya Mama Bubu

Siku ile naikumbuka yote, mwanangu, hata harufu ya viti vya lile gari. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, nywele bado zipo kichwani, na nilijiona sina mwenzangu kwenye usukani. Tulikuwa tumetoka Mombasa tunaelekea Malindi. Mama yangu alikaa kando yangu, na mama yako Poni, msichana tu wakati huo, alijinyoosha kiti cha nyuma akila viazi karai. Nakusimulia haya kwa sababu jana nilikuwa barazani hapa Munuki, mjini Juba, nikakusikia ukimwambia bibi yako, "Habuba, tukifika mpakani nyamaza tu, mimi nitaongea." Ulisema kwa upole, najua. Mimi mjomba wako pia nilisema kwa upole. Ndiyo maana uliona chai imenishinda.

Tulikuwa wakimbizi wa vita vya Sudan. Mama alituvusha kwanza Uganda, tukakaa huko miaka michache, kisha tukaingia Kenya, mjini Kitale, ambako alitulea kwa kukaanga mandazi nje ya karakana moja. Karakana hiyo hiyo ndiyo iliyonifundisha ufundi wa magari. Ukutani jikoni alitundika kalenda yenye picha ya bahari. Mwaka wake uliisha kitambo, lakini hakuna aliyethubutu kuitoa. Amani iliposainiwa, mama akatangaza kwamba anarudi nyumbani Juba. Nikajiambia haondoki Kenya kabla sijamwonyesha bahari kwa macho yake. Tajiri wangu akaniazima gari lake kwa juma zima, Mungu ambariki popote alipo.

Kulikuwa na shida mbili. Ya kwanza ni karatasi: kadi ya mama ya ukimbizi haikumruhusu kuzurura hadi pwani. Ya pili ni ulimi wake. Kiswahili chake alikiokota Uganda, "mimi iko" na "wewe nakwenda wapi," tena anakichanganya na Kiarabu cha Juba na lugha yetu ya Kikuku. Mimi nilikua Kitale, na hakuna aliyeweza kunitofautisha na vijana wa pale. Nilijivunia jambo hilo kupita kiasi, nakiri mbele yako.

Basi tulipopita Mtwapa tukakuta kizuizi cha polisi. Askari akainama kwenye dirisha la mama. "Habari ya safari, mama?"

Unamjua bibi yako. Hajawahi kuiacha salamu ya mtu ikaanguka chini. Kwake salamu ni salamu kamili: nyumba, watoto, mbuzi, mvua. Akavuta pumzi aanze. Nikamtangulia. "Samahani afande, huyu hasikii wala hasemi. Ni bubu."

 Askari akaweka mkono kifuani, akamwinamia mama polepole, kwa heshima ambayo sikuitegemea. Mama akamtazama, akanitazama mimi, halafu naye akaweka mkono kifuani. "Mtunze," askari akaniambia, akatupungia tuendelee. Hakumwomba mtu kitambulisho.

Tulicheka hadi machozi. Hata mama alicheka, nisimsingizie. Alinipiga begani akasema, "Jena, wewe iko na akili mbaya." Jena, yaani mtoto, ndivyo anavyoniita hadi leo na kipara changu hiki. Huo uongo wa kwanza ulikuwa wa woga, na mama alikuwa ameshausamehe kabla gari halijaingia gia ya tatu.

Wa pili ndio unaonichoma. Tulisimama Kilifi karibu na daraja, pale wanapouza korosho. Kando yetu liliegeshwa gari jingine la vijana wa Nairobi, wamevaa vizuri, na msichana mmoja alikuwa amenitupia tabasamu. Muuza korosho akamsogelea mama. "Karibu mama, onja, ni tamu hizi." Mama akafungua mdomo. Nami, huku nikimwangalia yule msichana kwa pembe ya jicho, nikasema kwa sauti, "Usijisumbue dada, huyu ni bubu."

Pale hapakuwa na polisi, mwanangu. Hapakuwa na kadi wala hatari yoyote. Palikuwa na msichana ambaye hata jina lake sikuwahi kulijua. Muuza korosho akasema, "Maskini," akamwongezea mama pakiti moja ya bure. Mama akaipokea kwa mikono miwili. Hakuila. Poni naye hakucheka safari hii.

Tangu hapo mama hakutamka neno. Nikimuuliza kama ana kiu, anaitikia kwa kichwa. Nikimwonyesha mashamba ya mikorosho, anageuza shingo, anatazama, anarudi kukaa. Nilidhani amenuna, na nilimwachia anune. Kumbe alikuwa ameamua kunitii.

Malindi tulifikia kwenye nyumba ya wageni ya mama mmoja aliyeitwa Bi Zuhura. Naye nilimwambia vilevile, kwa kuwa nilishazoea, ulimi ulijiendea wenyewe. Alasiri tukashuka ufukweni. Mama alivua ndara, akakusanya sketi yake mkononi, akaingia majini hadi magotini. Aliteka maji kwa kiganja akayaonja, akakunja uso kwa ile chumvi, mabega yakamtikisika kwa kicheko kisicho na sauti. Kisha akanigeukia. Macho yamejaa machozi, mdomo wazi, na nakuapia neno lilikuwa tayari pale kwenye meno. Nyuma yangu wakapita wageni wengine wa Bi Zuhura. Mama akawaona, akaufunga mdomo, akaigeukia bahari.

Miaka yote ile ya kukaanga mandazi mbele ya kalenda, na siku ilipofika nilikuwa nimemnyang'anya neno lake. Nilijua. Ningeweza kusema, "Sema, mama." Nilisimama tu, viatu mkononi, nikaona aibu kubadilisha hadithi yangu mbele ya watu nisiowajua.

Asubuhi yake nilimkuta Bi Zuhura anafagia ua. Aliniita bila kuacha kufagia.

"Mama yako anasali vizuri."

Nilikosa pa kuweka uso.

"Nilikuwa nachota maji chini ya dirisha lake. Sikuelewa neno hata moja ila jina lako. Wani, Wani, amelitaja mara nyingi. Sasa sijui alikuwa anakuombea au anakushtaki. Wewe ndiye unayejua."

Akaendelea na ufagio wake kama hakusema kitu. Nimekaripiwa na walimu, na polisi, na mafundi wenye matusi ya kila aina, lakini sijawahi kukaripiwa hivyo. Nilienda chumbani kwa mama nikakaa sakafuni. "Nisamehe, mama." Alikuwa anakunja shuka. Alilikunja hadi mwisho, akaliweka, akanionyesha mlango kwa kidole. Maana yake, twende.

Tulirudi kwa njia ile ile, bahari sasa ikiwa mkono wa kushoto, na hakuna aliyeitazama. Karibu na Mtwapa tukakuta kizuizi kile kile na askari yule yule. Alimkumbuka mama. "Aa, mama yetu!" Akaweka mkono kifuani. Mwanangu, ningenyamaza tungepita. Nikisema kweli wangetaka karatasi, na mama alibakiza siku chache tu arudi kwao. Lakini nilimwona anaunyanyua mkono wake aweke kifuani, taratibu, kama mtu aliyezoea, na hapo nikashindwa.

"Afande, jana nilikudanganya. Mama yangu si bubu. Nilimwonea haya."

Uso wa askari ukabadilika. "Zima gari. Shuka." Nikashuka. Yeye akazunguka hadi dirisha la mama. "Mama, huyu kijana ni nani wako?"

Ningekuwa mimi ningelipiza. Mama alianza na salamu, kwani alikuwa na deni nayo tangu jana. "Salaam taki, afande. Nyumba iko muzuri? Watoto iko muzima?" Akaziuliza zote, hadi mvua, mimi nimesimama juani jasho linanitiririka mgongoni. Ndipo akasema, "Huyu jena yangu. Yeye naona haya ya mama yake. Lakini yeye naleta mimi kuona bahar. Mutu ingine hapana leta mimi."

Nililia, mwanangu. Mwanamume mzima, kando ya barabara, magari yanapita. Askari akamuuliza kwao ni wapi. "Juba," mama akasema, akiwa ameinua kidevu. "Sasa mimi narudi nyumbani." Askari akatikisa kichwa, akacheka kidogo. "Nenda salama, mama. Na wewe, siku nikikusikia umemfanya bubu tena, nitakuweka ndani wewe, si yeye."

Mama aliongea hadi Mombasa bila kupumzika. Alimsema yule muuza korosho, alimsifu Bi Zuhura, alilalamikia ile chumvi. Nilipomuuliza alitaka kuniambia nini pale majini, alifikiri, akasema, "Ile ilikuwa ya pale. Imekwisha." Hakuninyima kwa hasira. Neno lile lilikuwa limeondoka tu, na sijalipata hadi leo.

Kwa hiyo nashukuru, na shukrani zangu ni nyingi. Nashukuru aliniita mtoto wake siku ambayo sikustahili. Nashukuru Mungu amenipa miaka yote hii hapa Juba ya kumsikia asubuhi akigombana na muuza maji, "Wewe naleta maji chafu!" Nanyamaza nisikilize hadi amalize.

Sasa Desemba utamwendesha hadi huko huko pwani. Pasipoti anayo ya kwake, woga wangu wewe huna. Basi, mpakani Nimule mwache asalimie. Malaba mwache asalimie, na foleni ikirefuka, irefuke. Watu wakicheka, cheka nao. Ukikutana na rafiki zako, umtambulishe yeye kwanza, kwa sauti, huyu ni habuba wangu, kisha mpe nafasi aongee mwenyewe. Woga unaweza kumtoa mtu uongo mmoja, na uongo huo wazazi wetu wanaweza kuucheka. Usiruhusu uwe mazoea. Na mkifika baharini, simama karibu naye, weka simu mfukoni, usiharakishe.

Mungu awatangulie barabarani na awafunike kila kona. Akupe mikono mitulivu kwenye usukani na moyo usiowaonea haya waliokulea. Mkirudi hapa Munuki salama, sote tukiwa tumekaa tunawasubiri, mwache yeye aanze kusimulia. Amina.