Nilijaza gesi mara tatu kwenye friza la Kitaji ambalo halikuwa linavuja

Wakuu, heshima yenu.

Kosa langu la mwanzo kwenye ufundi wa friji lilikuwa hili: nilikuwaga naongeza gesi kabla ya kuuliza swali lolote. Nasimulia kama lilivyotokea. Anayetaka kucheka acheke, nastahili.

Ufundi sikusomea. Nimejifunza kwa video na kwa kuharibu friji za ndugu. Halafu nina ugonjwa wa kutaka kila kitu kinyooke. Bolti ikikaa upande, silali.

Sasa, Kitaji hapa Musoma kuna Mama Magesa, muuza samaki. Akanipigia Jumatatu, friza lake la kulala, lile la mfuniko juu, haligandishi. Alhamisi boti ilikuwa inamletea sato kutoka Rukuba, wa kipaimara cha mwanae Jumapili, Nyegina. Ukoo mzima unakuja. Sato wakioza, aibu ni yake mpaka kaburini.

Nikafika na mtungi begani kama naenda vitani. Nikafunga geji. Geji ikasema gesi ipo sawa.

Sikuiamini. Nikaongeza "kidogo". Friza likapoza vizuri nikiwa nimesimama pale, nikaondoka kifua mbele.

Kesho yake simu: "Fundi, limezima tena." Nafika, linawaka, linapoza. Nikaongeza. Jumatano hivyo hivyo, mpaka bomba linalorudi kwenye kompresa likaota barafu, yaani nimeshalijaza kupita kiasi.

Dada yake Mama Magesa alikuwa mlangoni anaparua samaki. Akasema bila kuinua kichwa: "Huyu fundi wa kwenye simu, bando likiisha na akili inaisha."

Nisimame hapa niwaseme mafundi wenzangu, kuanzia Bunda hadi Butiama, nikiwemo mimi. Gesi ya friji si mafuta ya taa. Haiungui, haipungui kwa kutumika. Imepungua? Basi inavuja, tafuta tundu. Haivuji? Sasa unaongeza nini, baraka?

Alhamisi sato wakaingia. Mimi nilikuwa nimesahau spana, nikarudi kuichukua bila kupiga simu.

Nikakuta friza limefunikwa blanketi zito la manyoya, limechomekewa mpaka chini. Linanguruma. Kugusa ubavu, unachoma mkono.

"Mama, hili blanketi la nini?"

"Si umeme unakatikaga? Nafunika baridi isitoke."

"Na ukirudi?"

"Linabaki. Nitashinda nafunika nafunua kama mtoto mchanga?"

"Mbona mimi sijawahi kuliona?"

"We si unapigaga simu kwanza, mwanangu? Mgeni anakuja, akute friza limejifunika kama mwenye malaria? Natoa, nafuta vumbi, nakukaribisha."

Dada yake alicheka mpaka sato akamponyoka.

Wakuu, friza la aina ile linatolea joto kwenye bati la ubavuni. Ukilivika blanketi, joto linakosa pa kwenda, kompresa inachemka, inajizima yenyewe isiungue. Nikija mimi, blanketi limetolewa, limeshapoa, linafanya kazi. Ugonjwa ulikuwa unafichwa kwa heshima yangu, na mimi natibu kwa gesi!

Tukawahamishia sato kwenye barafu ya jirani. Nikaitoa ile gesi ya kiburi, nikavuta hewa yote kwa pampu, nikapima kwa mizani gramu zilezile zilizoandikwa kwenye kibandiko cha friza. Jasho lilinitoka mchana kutwa. Jioni likaanza kugandisha, sato wakarudi ndani, blanketi likarudi kitandani.

Jumapili nilialikwa Nyegina. Sato walikuwa wazima, hakuna aliyenusa kitu. Mama Magesa akanisimamisha mbele ya ukoo: "Huyu ndiye fundi wa blanketi." Mpaka leo naitwa hivyo.

Somo ni dogo: geji ikikuambia kitu, iamini, halafu muulize mwenye friza analitumiaje ukiwa hupo.

Wenye mafriza yanayojazwa gesi kila mara, wekeni visa vyenu hapa chini. Na nyie mafundi wa "limepungua gesi" njooni mjitetee, tuwasikie.

Mimi siku hizi safari ya kwanza mtungi unabaki nyumbani, na sipigi simu kabla ya kufika.