Radhi ya Kaimu

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, nilimzuia paka asife kwa siku tatu. Najua inavyosikika. Lakini kwetu Chole, Kisarawe, bibi mzaa baba aliamini, na mimi nikaamini kwa sababu yake, kwamba kiumbe hawezi kukata roho mpaka yule anayempenda kuliko wote ampe radhi. Moyo wako ukimng'ang'ania, atalala pale anateseka, hafi wala haponi.

Paka mwenyewe aliitwa Kaimu. Siku ya arobaini ya babu alipanda kwenye kiti cha marehemu, mbele ya wageni, akajilaza. Shangazi akasema basi huyu ndiye kaimu, na jina likaganda hapo hapo. Alikuwa amenizidi umri. Tangu nipate akili nililala naye, na nikichapwa, yeye ndiye niliyekwenda kumshitakia.

Mwaka ule akaacha kula. Alikonda mpaka mifupa ya mgongo ikahesabika. Wengine kijijini walikuwa wakiwatupa porini paka wazee, bibi hakutaka hata kusikia. Alimtandikia kanga kuukuu karibu na jiko penye joto, akawa anachovya pamba kwenye maji na kumdondoshea mdomoni, vile vile alivyomfanyia babu. Mchana alikaa anamfukuzia nzi.

Alipozidiwa, bibi akaniita.

"Mke mwenzangu, huyu anakusubiri wewe. Mwambie, nenda, nimekupa radhi."

"Sitaki."

"Anaumia, mama."

"Sitaki, bibi."

Hakunigombeza. Ingekuwa afadhali angenigombeza. Kesho yake Kaimu akawa analia kisauti chembamba kila akigeuzwa, na bibi akanisihi tena. Nikaenda, nikainama, nikachezesha midomo, nikarudi. "Nimeshasema," nikamwambia. Sikuwa nimesema kitu. Hesabu yangu ilikuwa fupi: nisiposema hafi, na asipokufa huenda akapona.

Bibi akaniamini, akasubiri. Kutwa nzima hakubanduka pale jikoni. Siku ya tatu, baada ya sala ya adhuhuri, nikiwa mlangoni, nilimwona anapiga magoti, yeye ambaye kwa maumivu ya magoti alikuwa akisali amekaa kwenye kigoda. Akamwekea Kaimu mkono mgongoni.

"Mwenzangu kakupa radhi na bado unateseka," alisema. "Basi ni mimi. Nilikupiga na mwiko kwa ajili ya kipande cha papa, ukachechemea mwezi mzima. Nisamehe, baba. Nisamehe uende zako."

Akalia. Siku aliyokufa babu sikumwona akilia, leo analia mbele ya paka, kwa kosa ambalo halikuwa lake. Nikaingia mbio, nikainama sikioni kwa Kaimu na kumnong'oneza ile radhi, kwa sauti ndogo sana hata bibi hakusikia. Alikufa kabla ya alasiri. Bibi alimfunga kwenye kanga ile ile, tukamzika kando ya shamba la mihogo.

"Kanisamehe," alisema tukirudi nyumbani.

Kwa miaka mingi bibi aliwasimulia watu jinsi alivyomchelewesha kiumbe wa Mungu kwa sababu ya kipande cha papa. Watu walicheka, yeye hakucheka. Mara nyingi nilikuwepo, namenya mihogo, na sikufungua mdomo.

Siku hizi naishi Visiga. Mwezi uliopita paka wangu mzee aliharibika figo. Daktari wa mifugo alikuja kumchoma sindano ya kutuliza maumivu, akanielekeza nimweke penye joto, nimdondoshee maji, nikae naye. Yote hayo bibi aliyajua bila kufundishwa na mtu. Nikamuuliza daktari, kama natania, iwapo mnyama anaweza kumsubiri mtu. Akasema hapana, mwili ukichoka umechoka. Kwa maana hiyo Kaimu angekufa siku ile ile, niseme nisiseme.

Nilidhani nikisikia hivyo nitapumua. Sikupumua. Daktari anazungumzia mwili wa paka, wala hajui kwamba mimi siku zile niliamini. Niliamini kabisa kuwa mimi ndiye niliyemshikilia kwenye yale maumivu, nikamsikia akilia, na bado nikanyamaza. Hilo halina sindano.

Bibi naye ameshafariki. Nilimuuguza wiki mbili hapa hapa Visiga, namwogesha, namgeuza. Siku moja aliniuliza kama kuna mtu anayemdai msamaha.

"Hakuna, bibi."

"Na Kaimu?"

Ningeweza kumwambia ukweli wakati ule. Tulikuwa wawili tu chumbani.

"Kaimu alikusamehe," nikasema.

Akanishukuru.