Pua ya Mama Zena

Mwaka ule wa njaa, baada ya vita vya Maji Maji, watu wa Newala walikula vitu ambavyo miaka mingine hata mbwa angevipita. Askari wa Wajerumani walikuwa wamechoma maghala. Mhogo mchungu ndio uliobaki ardhini, na huo hauliwi mpaka uvundikwe majini siku kadhaa, sumu itoke. Maji nayo yalikuwa bondeni, mwendo wa asubuhi nzima kwa mwanamke mwenye mtungi. Kwa hiyo walirudia maji yale yale, yakawa mazito kama makamasi, yakafanya povu la kijivu na funza juu yake.

Mwanakombo, ambaye kijiji kizima kilimwita Mama Zena, ndiye aliyeitwa kunusa. Aliinama juu ya chungu, akavuta pumzi mara moja, akasema, "Bado," au, "Twanga." Hakuna aliyewahi kufa kwa neno lake. Alijivunia pua hiyo kuliko inavyompasa mtu kujivunia kitu alichozaliwa nacho.

Jumatatu moja kaburi la kitoto cha Haji lilikutwa limefukuliwa. Nyayo za fisi zilionekana wazi, lakini mwenye uchungu hatafuti nyayo, anatafuta mtu. Akampata. Dominika, mjane wa Kikristo aliyekimbilia pale kutoka Masasi wakati wa vita, aliishi peke yake mwisho wa kijiji, na nyuma ya kibanda chake palikuwa na harufu.

"Maiti hiyo!" Haji alipiga kelele. "Mwanangu yumo humo, anamla!"

Walionusa baada yake wote walinusa maiti. Mmoja alisema inanuka damu, mwingine nywele zilizoungua.

Mama Zena aliitwa. Njia nzima wanawake walimwambia, "Jikaze, Mama Zena, ni mtoto yule." Alipofika aliona shimo, na ndani yake chungu kimefunikwa kitambaa cheupe cha marekani, kimefungwa kamba pembeni, kama sanda.

"Ni mhogo, mama," Dominika alisema, mikono yake imeshikwa nyuma. "Nimeufunika kwa nguo ya marehemu mume wangu, majani yamekauka yote. Nusa tu."

Mama Zena aliingiza vidole chini ya kitambaa, akanusa. Ilikuwa harufu tamu, yenye mafuta, ya nyama ya mtu siku ya tatu. Alitapika miguuni pake mwenyewe.

"Ni maiti," akasema.

Hakuna aliyefungua kitambaa. Kinyaa kiliwazuia, na pia hawakuona haja, kwa kuwa pua ya Mama Zena ilikwisha sema. Wakamburuta Dominika hadi uani kwa jumbe, mkuu wa kijiji, anyweshwe mwavi, yale magome ya kiapo ambayo mwenye hatia huyanywa akafa. Na mtu aliyekaa na njaa miezi sita hufa hata kama hana hatia.

Mama Zena alirudi nyumbani kunawa kwa majivu. Binti yake Zena alikuwa anatwanga uani, mgongo ameelekeza mlangoni, na habari ilikuwa haijamfikia. Mama alipompita, Zena aliinua pua bila kugeuka.

"Umetoka kunusa mhogo wa nani, mama? Umeiva huo, mpaka nasikia njaa."

Mama Zena alisimama. Akafumba macho, akapeleka vidole puani. Mhogo. Mhogo ulioiva vizuri, wa kutwangwa leo. Akafumbua macho, akakumbuka kitambaa kile, na maiti ikarudi vidoleni. Akafumba tena, ikawa mhogo. Ndipo alipojichukia, akaichukia pua yake kama mtu achukiavyo kidonda usoni.

Alichukua chungu kidogo, akakimbia hadi kwenye shimo. Akatia mkono ndani ya ute ule, akatoa vipande vitatu vya mhogo, akavitia katika chungu chake mwenyewe na kuvifunika kwa ungo. Kisha akaenda kwa jumbe. Mwavi ulikuwa tayari katika kata ya kunywea.

"Haji, baba yangu," alisema, "kabla hujamnywesha huyu, ninusie mhogo wangu. Leo pua yangu imeharibika kwa maiti ile. Umeiva?"

"Saa hii, Mama Zena?"

"Saa hii. Wanangu hawajala."

Haji aliinama kwa hasira, akanusa. Mate yalimjaa kinywani, watu wakamwona akimeza.

"Umeiva. Katwange."

"Basi hiyo ndiyo maiti yako," alisema Mama Zena. "Imetoka chungu cha Dominika. Na mimi ndiye niliyeiita maiti, mimi mjinga, kwa sababu mliniambia na nikaona kitambaa cheupe."

Jumbe alituma watu wawili, wakafungua kitambaa kwa fimbo, wakarudi na chungu kizima. Mhogo, ute na funza. Jumbe akaimwaga kata ya mwavi mchangani. Haji alikaa chini akalia, sasa akimlilia mwanawe kweli. Wale walionusa damu na nywele zilizoungua walitazama pembeni. Hakuna hata mmoja aliyeomba radhi.

Jioni hiyo Mama Zena alimpelekea Dominika maji mtungi mzima. Dominika alikuwa amesonga ugali wa mhogo ule ule. Hakusema asante. Alimega tonge, akamsogezea.

"Kula, Mama Zena. Kula maiti yangu."

Mama Zena alilipokea. Alijua ni mhogo, macho yake yaliuona mhogo, na bado puani mwake mlipanda harufu tamu ya kaburi, kwa kuwa neno lile lilikuwa limekwisha semwa. Alitafuna polepole mbele ya Dominika, akameza, akanyoosha mkono kuomba tonge la pili.